Je, Wajua? Floraidi haiziwezi asidi zote

Enameli, tabaka la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini, hata mfupa. Lakini pH ya mdomo ikishuka chini ya takriban 5.5, madini yake huanza kuyeyuka. Floraidi ya dawa ya mswaki husaidia kuyarudisha, tena huunda madini sugu zaidi yanayohimili hadi karibu 4.5. Dhidi ya asidi itengenezwayo na bakteria kutokana na sukari, kinga hiyo ni kubwa. Ila ndimu na soda za kola zina pH kati ya 2 na 3! Hapo floraidi hupunguza tu madhara.

Umekula embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakafa ganzi? Usikimbilie mswaki. Enameli iliyopata asidi hulainika kwa muda, na kuisugua wakati huo ni kuikwangua, nayo haioti tena. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa au zaidi mate yafanye kazi yake. Ukishapiga mswaki, tema povu bila kusukutua ili floraidi ibaki. (Wengi wetu husukutua hadi ladha iishe, tukaitema dawa yote.)

Na yale meno ya kahawia ya baadhi ya wenyeji wa Arusha? Hayo ni floraidi iliyozidi kwenye maji waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaundwa. Si uchafu, na mswaki hauyang'arishi.