Saraka ya LDAP na Mpango wa Majina: Mfano wa Kinyangiri

Saraka, katika lugha ya kompyuta, ni orodha ya watu, vitengo na mamlaka, iliyopangwa ili jina lolote lipate kutafutwa upesi. Taratibu za kuiuliza huitwa LDAP. Zilitangazwa mwaka 1993, zikiwa njia nyepesi ya kuzifikia saraka za kanuni ya X.500 ya mwaka 1988. Kompyuta moja ihifadhipo tovuti nyingi, saraka moja yatosha kuwatambua watunzaji wa zote.

Saraka hiyo hupangwa kama mti, na jina kamili husomwa kutoka jani hata shina: uid=417,ou=watu,dc=mfano,dc=go,dc=tz. Hapa uid ni alama ya mtu, ou ni kitengo, na dc ni kipande cha jina la kikoa. Mfuatano huu si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye husema Kinyangiri, Mkalama, Singida, akianza na kidogo na kuishia na kikubwa.

Mfano huo una funzo jingine. Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ardhi ya Kinyangiri haikusogea, wala wenyeji hawakuhama kwa ajili hiyo. Lakini sehemu ya kati ya anwani yao ilibadilika.

Ndivyo iwavyo katika saraka. Karani akiandikwa ndani ya tawi la tovuti moja, kisha akakabidhiwa nyingine, jina lake kamili hugeuka, na makundi yaliyomtaja kwa jina la zamani humpoteza. Akiandikwa mara mbili, hatari huzidi: siku aachapo kazi hufutwa katika tawi moja, naye akabaki na mamlaka katika la pili pasipo mtu kujua.

Kwa hiyo, palipo na mwajiri mmoja na tovuti nyingi, matawi matatu yafaa: la watu, la tovuti na la makundi. Katika la kwanza kila mtu huandikwa mara moja tu, kwa alama isiyobadilika, kama vile namba. Kundi la wahariri wa tovuti fulani huwataja wanachama wake kwa majina yao kamili. Uhamisho basi ni kuliondoa jina katika kundi moja na kulitia katika jingine. Maandishi ya mtu mwenyewe hayaguswi.

Hata hivyo, tovuti zikiwa za wenyewe mbalimbali, kila mmoja akiandikisha watu wake, yafaa kila mwenye tovuti apewe tawi lake. Hapo tawi ni mpaka wa mamlaka, na alama moja yaweza kutumika katika matawi mawili bila kugongana, maana majina kamili ni tofauti. Lakini sharti programu ya kila tovuti iamriwe kutafuta ndani ya tawi lake, si kuanzia shinani. La sivyo itapata watu wawili kwa alama moja, isijue ni nani wa kufunguliwa mlango.

Kanuni yenyewe ni fupi: matawi yafuate umiliki, na mambo yabadilikayo, kama cheo, wilaya na kituo cha kazi, yaandikwe kuwa sifa za mtu, yasiwe sehemu ya jina lake.