Rhodesian Ridgeback: mbwa wa kusakia simba anapofugwa nyumbani

Jina la Rhodesia liliondoka kwenye ramani mwaka 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru, lakini hadi leo mbwa mmoja angali analibeba. Rhodesian Ridgeback, ambaye vigezo vyake viliandikwa mjini Bulawayo mwaka 1922, sasa hufugwa majumbani ndani na nje ya Afrika. Anayetaka kumfuga hana budi kujua kwanza mbwa huyu alikuzwa kwa kazi gani.

Chimbuko lake ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, waliochanganyika na mbwa walioletwa na walowezi kutoka Ulaya. Kwa Wakhoikhoi ndiko alikorithi alama yake: ukanda wa manyoya mgongoni unaoelekea mbele, kinyume na manyoya mengine. Mwishoni mwa karne ya 19 wawindaji, akiwemo Cornelius van Rooyen, waliwatumia mbwa hao kusaka simba. Hawakutarajiwa kumuua. Walimbwekea na kumzunguka huku wakimkwepa, hadi mwenye bunduki alipofika.

Kazi hiyo ilihitaji mbio, ustahimilivu na uwezo wa kuamua bila kungoja amri. Tabia hizo hazimtoki mbwa kwa kuhamia mjini. Dume huwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 hivi. Huhitaji mazoezi kila siku, ua imara na mafunzo tangu utotoni, yenye upole lakini yasiyoyumba. Kwa wenyeji wake ni mtulivu na mwenye mapenzi. Kwa wageni hujiweka mbali, na mnyama mdogo akikimbia mbele yake, huenda akamfukuza.

Ukanda wa mgongoni nao una gharama yake. Kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji waliwaua watoto wa mbwa waliozaliwa bila ukanda, kwa kuwaona wana kasoro. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba badiliko la kinasaba linaloleta ukanda huo ndilo pia linaloongeza hatari ya mbwa kuzaliwa na tundu jembamba katika ngozi ya shingo au mgongo. Tundu hilo linaweza kushuka hadi karibu na uti wa mgongo, likaleta usaha na maambukizi, na tiba yake ni upasuaji.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ni vyema mnunuzi amwombe daktari wa mifugo ampapase mtoto wa mbwa kuanzia shingoni hadi mkiani. Na akiambiwa kwamba yupo mmoja asiye na ukanda, asimdharau: hawezi kushinda mashindano ya urembo, lakini kwa tabia ni sawa na nduguze, na kwa afya huenda akawazidi.