Bwana Anataka Besi, Bibie Anataka Maneno

Ziko nyumba za wanandoa vijana ambazo ugomvi wa jioni si simu wala pesa, ni redio. Niliukuta Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kwa mdogo wangu aliyeolewa na mtumishi wa halmashauri. Amplifaya ya urithi, spika mbili kubwa, na Tabora Jazz hewani. Huu ndio mkoa wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro, muziki wa kusikiliza maneno. Lakini shemeji kila akiongeza besi, sauti ya Shem Karenga inazama.

"Dada, mwambie shemeji yako hapa si ukumbi wa harusi!" Naye, kwa hasira, alishaanza kwenda kusikilizia muziki baa. Hapo si mchezo tena, jamani.

Dawa yao ilikuwa kabatini: ikwalaiza, kile kisanduku chenye safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha, kumi kila upande, kuanzia hezi 31 za mtetemo hadi 16,000 za matoazi. Ilikaa tu kwa kukosa mtu wa kuiunga.

Kuiunga ni rahisi. Zima vyote, chomoa ukutani. Nyuma ya amplifaya tafuta matundu ya TAPE. Waya mmoja wa vichwa vyekundu na vyeupe utoke REC OUT uingie IN ya ikwalaiza; wa pili utoke OUT ya ikwalaiza urudi TAPE PLAY. Nyekundu ni kulia, nyeupe kushoto. Kisha bonyeza TAPE MONITOR pale mbele. Usipobonyeza, utasogeza vitufe mpaka kuche bila kusikia tofauti. Amplifaya mpya nyingi hazina matundu hayo; basi ipitishe kati ya simu au deki na AUX. Ila kamwe usiiweke kati ya amplifaya na spika. Umeme wa pale ni mkubwa mno kwake, utaiua.

Sasa kwenye vitufe ndipo wanaume wengi wanapochemsha: wanapandisha vyote! Desibeli 3 zaidi zinadai nguvu maradufu, na 10 zinadai mara kumi. Kama unasikiliza kwa wati 5, besi uliyoipandisha desibeli 10 inataka wati 50. Amplifaya ya wati 40 itaanza kukwaruza, na twita ndizo huungua kwanza. Ikwalaiza ni ya kupunguza, wapendwa.

Tukashusha 125 na 250 kidogo tu, kama desibeli 4, maana huko ndiko mvumo ulikokuwa unafunika mwimbaji. Spika tukazitoa kwenye kona, kwa sababu kona huongeza besi yenyewe bila kuombwa. Mwangwi wa kuta tupu za saruji hauondolewi na kitufe chochote, hivyo mdogo wangu akapata kisingizio cha kununua pazia zito na zulia. (Mjanja huyo.)

Kilichowapatanisha hasa ni kile kitufe cha TAPE MONITOR. Mmoja anafumba macho, mwenzake anabonyeza na kuachia, aliyefumba anasema ipi nzuri, kisha wanabadilishana. Shemeji alichagua iliyopunguzwa mara tatu mfululizo. Makubaliano yao: kitufe cha 62 ni cha bwana, acheze nacho atakavyo, ila 1,000 na 2,000 asiviguse, huko ndiko maneno yaliko.