Shoka, Chakula na Soko: Riziki ya Wanyonge wa Eldoret

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilitunukiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, hata wenyeji wakauita Sisibo, na leo umelingana cheo na Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Twaupongeza. Lakini hati ya jiji haiteleki chungu jikoni. Katika mitaa ya Huruma, Langas na Munyaka wapo kina mama wanaodamka kabla ya alfajiri kutafuta sukuma wiki na nyanya za kuuza. Wapo pia vijana wanaoendesha pikipiki zisizo zao, ambao jioni humpa mwenyewe hesabu yake kabla ya kununua unga wa watoto. Hao si wavivu. Walichokosa ni mtaji na soko.

Zamani mji huu ulikuwa na mlango mpana wa kazi. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa mwaka 1976. Soko la nchi lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo kutoka nje, mitumba ikiwamo, zilifurika, na kiwanda kikadhoofika hata kikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kwa mitambo mipya. Hapa pana funzo: riziki ya familia yaweza kukatwa na uamuzi uliopitishwa mbali nayo. Kwa hiyo kuirejesha riziki hiyo hakuwezi kuachiwa sadaka peke yake.

Imepokewa na Abu Dawud kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Alipoulizwa nyumbani ana nini, alitaja tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume (s.a.w.) akavinadi mbele ya masahaba, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akamwamuru anunue chakula cha watu wake kwa moja, na shoka kwa nyingine. Shoka hilo akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni na kuziuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirejea akiwa na dirhamu kumi.

Tuzingatie mpangilio wake. Chakula cha nyumbani hakikusahauliwa, zana ilipatikana bila ya deni, na kuni zilikuwa na wanunuzi. Pakikosekana moja katika hayo matatu, mawili yaliyobaki hayafiki mbali.

Katika chakula, serikali ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada mdogo, nao unapochelewa mzee hulala njaa. Katika zana, Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022 hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Muislamu maskini huwekwa hapo njia panda, baina ya mtaji na dini yake. Hazina ya Uwezo, iliyoanza mwaka 2013, ilisimamishwa juu ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake na vijana, ila kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3. Wanazuoni wengi wa zama zetu huruhusu ada iliyo sawa na gharama halisi ya kazi. Basi twaomba gharama hiyo ibainishwe, na kila hazina ya umma iwe na dirisha safi lisilo na riba, alifikie mama wa Langas kama alifikiavyo mama wa Lamu.

Lililosahauliwa zaidi ni soko. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hospitali ya Rufaa ya Moi yahitaji mashuka. Shule zahitaji maharagwe na mahindi. Kwa nini kikundi cha mafundi cherehani wa Huruma kisishone mashuka hayo? Aghalabu ni kwa kuwa hakijasajiliwa, au hakijui kwamba haki hiyo ipo. Na akipata zabuni, mnyonge hungoja malipo miezi mingi hadi mtaji wake ukatoweka. Mtume (s.a.w.) ametufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kaunti ya Uasin Gishu, na kaunti zote 47, zianze na wauzaji wadogo zinapolipa madeni yao.

Nasi hatuna budi kutenda yaliyo mikononi mwetu. Kila msikiti uweke meza siku moja kwa wiki, vijana waliosoma wawaandalie wazazi wao hati za usajili wa vikundi. Kamati za zaka, pamoja na kutoa unga, zinunue cherehani, toroli na mizani kwa wanaostahiki. Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Kwale asidhani haya ni ya watu wa bara tu: sheria ni hiyo hiyo, na zabuni zatangazwa kwake pia.

Mwenyezi Mungu awafungulie wanyonge wetu milango ya halali, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoifungua. Wabillahi tawfiq.