Mfahamu Punda Wako: Teke Huwa Neno la Mwisho

Katika mji wa Bura na vijiji vingine vya Kaunti Ndogo ya Fafi, nyumba nyingi hupata maji kwa nguvu za punda. Mnyama huyu, ambaye kwa Kisomali huitwa dameer, hubeba mitungi kutoka Mto Tana au kisimani, huvuta mkokoteni wa kuni, na hubeba vyombo familia inapohama kufuata malisho. Punda akiugua, kazi haisimami. Huhamia migongoni mwa kina mama na wasichana, na mara nyingine msichana hukosa shule kwa sababu ya maji.

Wengi humjua punda kwa methali isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda harushi teke bila sababu. Kabla ya kufika hapo, huwa amekwisha kusema kwa masikio, macho, mkia na miguu yake. Anayeijua lugha hiyo huokoa mnyama mapema, huepuka gharama, na wakati mwingine huokoa hata maisha ya mtu.

Kwa nini punda huonekana mkaidi

Punda wa kufugwa ametokana na punda-mwitu wa Afrika. Wataalamu wa chembe za urithi wanakadiria kwamba alianza kufugwa hapa Afrika takriban miaka 7,000 iliyopita. Punda-mwitu huishi katika nchi kavu yenye mawe na malisho haba, na mara nyingi huwa peke yake au na wenzake wachache. Katika mazingira hayo, kukimbia ovyo kunaweza kumwangamiza. Kwa hiyo punda anaposhtuka, kwanza husimama, hutega masikio na kupima hatari. Farasi hukimbia kwanza. Punda hutafakari kwanza.

Hicho ndicho watu hukiita ukaidi. Punda anayegoma ghafla huenda ameona kitu kigeni, ana maumivu, au amechoka kupita kiasi. Kwa wanaoteka maji Mto Tana jambo hili ni zito, kwa kuwa mto una mamba. Punda aliyezoea njia akikataa kushuka ukingoni siku moja, huku masikio yameelekea majini, asichapwe. Mtoto aliye naye arudi nyuma, na mtu mzima akague mahali hapo kwanza. Kumpiga hakuondoi hofu. Humfundisha tu kwamba mahali pale pana maumivu, na kesho atagoma zaidi.

Tabia hiyo hiyo ya porini humfanya punda afiche maumivu, kwa sababu mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayewindwa kwanza. Ndiyo maana dalili zake huwa ndogo, na hadi anapolala chini asiweze kuinuka, ugonjwa huwa umekomaa.

Masikio, macho na mkia

Ishara moja peke yake haitoshi. Mtazame punda mzima, na umlinganishe na alivyo siku zote.

- Masikio yaliyosimama na kuelekea mbele: anafuatilia jambo. Sikio moja mbele na jingine nyuma: anasikiliza pande mbili.
- Masikio yaliyolazwa nyuma kabisa kwenye shingo: ana hasira au hofu. Usimkaribie kwa nyuma.
- Masikio yaliyolegea kandoni: huenda anasinzia. Yakibaki hivyo hata anapoitwa au anapoletewa chakula, amechoka mno au ni mgonjwa.
- Macho yaliyotoka hadi weupe ukaonekana: hofu. Macho yaliyofumbwa nusu huku uso na midomo vimekaza: maumivu.
- Mkia unaopigwa huku na huku: nzi au kero. Ukipigwa mahali pasipo na nzi, kagua matandiko na mgongo. Mkia uliobanwa katikati ya miguu: hofu au maumivu.

Tabia zinazowachanganya watu

Punda akigaagaa mavumbini mara moja na kuinuka akijikung'uta, yuko salama. Anasafisha ngozi na kufukuza wadudu. Akigaagaa tena na tena, akitazama ubavu wake au kupigapiga ardhi kwa kwato, huenda tumbo linamuuma. Hata hivyo, punda wengi wenye maumivu ya tumbo hawagaagai kabisa, bali husimama kimya na kuinamisha kichwa.

Dume anapoinua kichwa na kukunja mdomo wa juu kama anayecheka, ananusa harufu, hasa mkojo wa jike. Jike anaponyoosha shingo na kufunguafungua mdomo kama anayetafuna hewa, mara nyingi yuko kwenye joto la uzazi. Dalili hizo mbili si ugonjwa. Mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima, kwa hiyo inafaa kuandika tarehe jike alipopandwa ili apunguziwe mzigo kwa wakati.

Lililo gumu zaidi kutambua ni punda anayejifanya kula. Husimama na wenzake, akainamisha kichwa kwenye majani, hata akatafuna, lakini chakula hakipungui. Usitazame kichwa peke yake; tazama kama majani yanakwisha na kama kinyesi ni cha kawaida.

Kutokula ni dharura

Mbuzi akikataa chakula siku moja, wengi husubiri kesho. Kwa punda, kusubiri ni hatari. Anapoacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Mafuta hayo yakizidi, ini na figo hushindwa kufanya kazi, na mnyama anaweza kufa katika siku chache, hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha yuko hatarini zaidi. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Si ugonjwa peke yake unaomzuia kula. Punda hujenga urafiki wa kudumu na mwenzake mmoja, na akitenganishwa naye kwa ghafla anaweza kukataa chakula. Anayeuza mmoja kati ya wawili walioshikamana amwangalie kwa makini anayebaki. Mwenzake akifa, inasaidia kumwacha aukaribie mzoga kwa muda kabla ya kuzikwa. Lakini ikishukiwa kuwa kifo kimetokana na kimeta au kichaa cha mbwa, mzoga usiguswe wala kupasuliwa, na ofisi ya mifugo ipashwe habari.

Mzigo, vidonda na miiba

Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji peke yake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda, yaani kama kilo 50 kwa punda wa kilo 150. Aliyezidishiwa huonyesha: hupanua pua, hutetemeka miguu, au hujaribu kung'ata anapofungwa kamba. Mkokoteni humruhusu kuvuta zaidi ya anachobeba, mradi mzigo uwe sawa pande zote, magurudumu yazunguke vizuri, na hatamu zisiwe waya au kamba ya nailoni inayokata ngozi. Gunia safi lililokunjwa au blanketi chini ya matandiko huzuia vidonda.

Kuhusu kwato, adui mkubwa hapa Bura ni mwiba wa mathenge. Punda anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu unaouma unapogusa ardhi. Inua kwato, safisha, na utafute mwiba kabla ya safari nyingine.

Hatari inapomgusa binadamu

Kiswahili kiliupa ugonjwa mmoja jina la mnyama huyu: pepopunda. Punda huupata kupitia kidonda, hata kidogo cha kwato. Hukakamaa, mkia na masikio husimama kama vijiti, na utando hufunika sehemu ya jicho. Chanjo ipo kwa mnyama na kwa mtu.

Ugonjwa wa pili ni kichaa cha mbwa. Punda aliyeng'atwa na mbwa au fisi mwenye ugonjwa huo anaweza kubadilika ghafla: mpole huwa mkali, hujing'ata mwenyewe, hulia kwa sauti isiyo yake, hutokwa na mate mengi, au miguu ya nyuma hulegea. Usiingize mkono kinywani mwake kutafuta kilichomkwama. Aliyeng'atwa au kupatwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kupata chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana vidonda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti jukumu la ufugaji na ustawi wa wanyama.

Punda pia ni mali inayotafutwa. Biashara ya ngozi zake iliwafanya wezi wawalenge, hadi serikali ikatangaza marufuku ya kuchinja punda Februari 2020, agizo lililopingwa baadaye mahakamani. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha biashara hiyo barani kote. Punda asilale nje bila uangalizi.

Ukaguzi wa kila asubuhi

Kabla ya kumfunga mzigo, tumia dakika tano:

1. Je, anageuza masikio anapoitwa?
2. Je, amekula na kunywa, na kinyesi ni cha kawaida?
3. Je, mgongo, mabega na kifua havina kidonda?
4. Je, anakanyaga sawasawa kwa miguu yote minne?
5. Je, anatenda kama alivyotenda jana?

Jibu likiwa "hapana" kwa swali lolote, apumzishwe kivulini na apewe maji safi. Akikataa chakula, akikakamaa au akibadilika tabia ghafla, toa taarifa siku hiyo kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Aliye mbali na ofisi apitie kwa chifu.