Bangi na Afya (2): Anayeanza Mapema Huumia Zaidi

Juma lililopita tulieleza jinsi kemikali za moshi wa bangi zinavyopita kwenye mapafu na kufika ubongoni kwa dakika chache. Leo tutazame madhara yanayobaki ulevi ukishaisha.

Kemikali inayolevya, THC, hushika vipokezi vilivyojaa katika hipokampasi, panapohifadhiwa kumbukumbu mpya, na katika sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia maamuzi. Sehemu hiyo ya mbele hukomaa mwisho, mtu akikaribia miaka 25. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha pili anayevuta kila siku husoma ukurasa mzima, akaufunga, akiulizwa alichosoma hana la kujibu.

Huko Dunedin, New Zealand, watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Ripoti ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa walioanza kuvuta bangi wakiwa vijana na kuendelea miaka mingi walipungukiwa na takriban alama 8 katika vipimo vya akili. Wapo wataalamu wanaosema malezi na umaskini navyo vinachangia, na hoja yao ina uzito.

Kuhusu maradhi ya akili, ushahidi una nguvu zaidi. Nchini Sweden, vijana zaidi ya 45,000 waliosajiliwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya kuugua skizofrenia mara 6 ya wasiovuta. Sababu nyingine zilipozingatiwa, hatari ilipungua lakini haikutoweka. Si kila mvutaji atarukwa na akili. Ila mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo asiiguse kabisa.

Mvutaji wa miaka mingi hupata kikohozi kisichoisha na makohozi kila asubuhi. Wengine hutapika mfululizo kwa siku kadhaa, wakipata nafuu wanapooga maji ya moto tu. Dawa yake ya kudumu ni kuacha. Kuacha nako kuna kazi: usingizi hupotea, hasira hupanda, chakula hakipiti. Takriban mtumiaji 1 kati ya 10 hunaswa na uraibu. Kwa walioanza ujanani, ni 1 kati ya 6.

Mzazi, ukigundua mwanao anavuta, usimfukuze nyumbani. Zungumza naye, kisha mpeleke kwa mganga hospitalini mapema. Kila mwaka anaokaa bila bangi ni faida kwa ubongo wake.

Juma lijalo: matibabu ya uraibu.