Rusumo: daraja walilovuka wakimbizi

Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani yake walikuwamo Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka mkutano wa viongozi wa kanda wa kutafuta amani. Mkataba wa amani ya Rwanda uliosainiwa Arusha Agosti 1993 ukazikwa nao, na mauaji ya kimbari yakaanza. Mwishoni mwa Aprili hiyo, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kuingia Ngara. Walikuja na watoto mgongoni na masufuria kichwani, wasio na hatia wakichanganyika na waliokuwa na damu mikononi. Chini yao, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Ndani ya siku chache, kambi ya Benaco ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania.

Daraja hilo la zamani lilikuwa jembamba, la njia moja. Lori likiingia kutoka huku, la kule husubiri. Jipya, lenye urefu wa mita 80 na njia mbili, lilijengwa kwa msaada wa Japani, na marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda walilizindua Aprili 6, 2016. Ilikuwa imetimia miaka 22 tangu jioni ile ya ndege kudunguliwa, siku kwa siku.

Pamoja na daraja kilifunguliwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Dereva anayekwenda Kigali hasimami tena upande wa Tanzania. Anavuka moja kwa moja, na ng'ambo anawakuta maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ofisa wa forodha wa Tanzania kutekeleza sheria za nchi yake akiwa katika ardhi ya Rwanda ni dola mbili kuachiana kipande cha mamlaka. Saruji inaweza kununuliwa kwa fedha za mfadhili. Kuachiana huko hakununuliki.

Mchuuzi mdogo naye ana haki yake pale, ingawa wengi hawaijui. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 za Marekani huvushwa kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, bila ushuru wa forodha. Ningependa kuona utaratibu huo umebandikwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda katika kila soko la mpakani, kwa maana asiyeujua ndiye anayepita njia za panya usiku na mzigo wake.

Hatua chache kutoka darajani, kwenye maporomoko, kipo kituo cha umeme cha megawati 80. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa mradi huo mwaka 2013. Kampuni inayokimiliki ni ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa hisa sawa, na umeme wake hugawanywa mafungu matatu, takriban megawati 27 kwa kila nchi. Kwa Tanzania, yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, fungu hilo ni tone. Kwa Burundi ni neema kubwa. Hata hivyo wote watatu wana sauti sawa, na hilo ndilo linalonifanya niupende mradi huu kuliko semina na maazimio mengi ninayoyaona yakigharamiwa kwa jina la amani ya Maziwa Makuu.

Januari 2024, Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara. Rwanda ilikana. Abiria na wachuuzi wakakwama. Lakini maji ya Kagera yanazungusha mitambo ileile mitatu, na kutoka Rusumo nyaya zinakwenda Nyakanazi, zinakwenda Shango karibu na Kigali, na zinakwenda Gitega, Burundi.